Shefu wa avenyu ni shahidi wa watu wote

Mazungumzo ya redio kwa ajili ya amani katika mitaa ya Kisangani

 Tunawasalimu ninyi mlio Makiso na Tshopo, Mangobo na Kabondo, ninyi wa komini ya Kisangani, na ninyi wa Lubunga ng'ambo ya mto. Tunawasalimu kwa namna ya pekee ninyi mlioacha nyumba zenu, mnaolala leo katika nyumba ya ndugu, ya rafiki, au ya mtu ambaye zamani hamkumjua.

Leo tutazungumza juu ya mtu mnayemwona kila siku. Hana gari. Pengine ofisi yake ni meza moja chini ya mwembe, na kazi yake yote imo katika daftari moja. Ni shefu wa avenyu, au shefu wa bloku, yule anayesimama kati ya nyumba zenu na shefu wa kartie. Tunauliza maswali mawili tu. Mtu huyu kazi yake ni nini? Na kazi hiyo anaifanya kwa ajili ya nani: kwa wenye malopango peke yao, au kwa kila mtu anayelala katika avenyu?

Kwanza tuangalie ngazi ya uongozi. Juu yuko meya wa jiji. Chini yake wako maburugumesta wa komini zetu sita. Kila komini ina kartie zake, na kila kartie ina shefu wake. Kartie inagawanywa tena katika avenyu na bloku, na huko ndiko anakokaa yule mtu wa daftari. Sheria ya mwaka 2008 juu ya uongozi wa mitaa inaipa jiji na komini haki ya kuwa na mali, kuwa na sanduku la fedha, na kwenda mbele ya hakimu kwa jina lao. Kartie haina haki hizo. Avenyu nayo ndiyo kabisa. Basi shefu wa avenyu hana sanduku la Serikali, hana askari, na kwa kawaida hana mshahara.

Mtu atasema, kama hana kitu, ana nguvu gani? Ndugu, ana nguvu kubwa. Anawajua watu. Anajua nani alikuja mwaka gani, nani amezaa, nani amefiwa, mpaka wa lopango la nani unapita kwenye mti upi. Burugumesta hajui hayo, na hakimu akitaka kuyajua hana budi kuuliza. Nguvu ya shefu wa avenyu ni ushahidi. Na ushahidi una adabu yake: ukiuficha unaoza, ukiuuza unaua.

Tuseme wazi pia mambo ambayo si yake. Yeye si hakimu. Watu wawili wakigombana, anaweza kuwakalisha na kuwapatanisha kama wanakubali, lakini hawezi kumhukumu mtu wala kumfunga. Yeye si polisi. Na tena, hili tulisikilize vizuri, yeye si mwenye udongo.

Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa nchi yetu ni mali ya Serikali. Mtu hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti kinachoandikwa katika daftari la ofisi ya vyeti vya udongo, kile ambacho wengi wetu tunakiita sertifika. Karatasi ya kartie yenye muhuri inasaidia kuonyesha kwamba fulani anakaa hapa, na kwamba majirani wanamjua hapa. Ni karatasi nzuri, itunzeni. Lakini haichukui nafasi ya sertifika. Wangapi wametoa franga zao, wamepata karatasi yenye muhuri, wamejenga, na baadaye wamekutana na mtu wa pili mwenye karatasi kama yao kwa lopango lile lile? Shefu anayewaambia watu kwamba sahihi yake inauza udongo anapanda vita. Mwaka huu haitaonekana. Mvua mbili tatu zikipita, itaota.

Sisi watu wa Kisangani hatuhitaji kufundishwa kwa mifano ya mbali. Mnakumbuka mwezi wa Juni 2000, siku zile sita, kutoka tarehe 5 hadi tarehe 10, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipopigana katikati ya jiji letu. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, wapatao 1,700 waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibika hata zisikalike. Maelfu na maelfu walikimbilia msituni.

Nchi yetu ilikuwa imekwisha kuishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki tangu mwaka 1999. Mwaka 2005 Mahakama ilisema Uganda ina kosa. Ndipo ikabaki hesabu ya fidia. Serikali yetu iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ikatoa dola milioni 325: milioni 225 kwa watu waliokufa na walioumizwa, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa utajiri wa asili. Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Sababu ziko nyingi, lakini moja inatuhusu sisi wa mitaani. Majaji walisema kwamba karatasi nyingi zilizoletwa juu ya mtu mmoja mmoja na nyumba moja moja hazikuwa na vithibitisho vya kutosha. Kwa hiyo walitoa jumla kwa kila fungu la hasara, si hesabu ya kila nyumba.

Fikirini jambo hilo, ndugu. Bomu lilianguka kweli. Ukuta ulivunjika kweli. Mama alilia kweli. Lakini baada ya miaka ishirini na zaidi, mbele ya watu ambao hawakuwako, kilio peke yake hakikutosha. Wakauliza: nani aliandika? Aliandika lini? Nani mwingine aliona? Serikali imeunda mfuko wa kugawa fidia hiyo, unaoitwa FRIVAO, wenye makao yake hapa hapa Kisangani, na maswali yale yale yamerudi: nani alikuwa akikaa hapa, alipoteza nini, nani anaweza kushuhudia? Daftari la avenyu, likiandikwa siku ile ile na kushuhudiwa na majirani, lina thamani ambayo hatuioni siku tunapoliandika.

Sasa tuvuke mto, twende Lubunga. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ugomvi ulitokea kati ya ndugu zetu Wambole na ndugu zetu Walengola. Chanzo chake kilikuwa maneno ya udongo uliotolewa kwa kampuni ya kilimo: udongo huo ni wa nani, na nani ana haki ya kuutoa? Watu waliokuwa wakioana, wakizikana na kununua mihogo soko moja, walianza kuogopana. Nyumba zilichomwa. Watu walikufa. Jamaa nyingi zilikimbia, zikavuka mto, zikaingia mashuleni, makanisani, na katika nyumba za watu wema katika komini nyingine.

Hapo ndipo swali letu la pili linapouma. Jamaa ikifika katika avenyu ngeni, inaandikwa wapi? Mara nyingi daftari la avenyu linafuata malopango: namba ya lopango, jina la mwenye lopango. Mpangaji anaandikwa kidogo, au haandikwi. Aliyekimbia, anayelala sebuleni kwa shemeji yake, haandikwi kabisa. Mkutano wa avenyu ukiitwa kwa ajili ya maji, mtaro, au usalama wa usiku, wanaitwa wenye malopango. Yeye anabaki nje, na watu wanamwambia: «Wewe ni mgeni, huna neno hapa.»

Wengine wanatetea jambo hilo, na tuwasikilize bila kuwadharau. Wanasema: mwenye lopango ndiye anayebaki, mgeni atakwenda. Mwenye lopango ndiye anayetoa franga za kutengeneza mtaro. Tukiwapa wageni sauti, kesho watadai udongo. Wenye kusema hivi si watu wabaya. Ni watu wanaoogopa.

Lakini tuwaulize. Moto ukianza usiku katika nyumba moja, unauliza nani ana sertifika? Kipindupindu kikiingia kisimani, kinachagua mpangaji na kumwacha mwenye nyumba? Na uvumi, ule moto mwingine, mara nyingi huanza wapi? Huanza pale penye watu ambao hakuna anayewajua majina. Mtu asiyeandikwa ni rahisi kumwita adui. Mtu ambaye jina lake limesomwa mbele ya wote, pamoja na jina la mke wake na watoto wake na mahali alikotoka, huyo ni jirani. Kuandikwa katika daftari la wakaaji hakumpi mtu udongo. Kunampa jina tu. Basi mwenye lopango hapotezi kitu.

Tena, Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, zilizotolewa mwaka 1998, zinasema mambo mawili ya kushika. Kanuni ya 21 inataka mali iliyoachwa na waliokimbia ilindwe, isiharibiwe wala kunyang'anywa. Kanuni ya 28 inataka waliokimbia washiriki wenyewe katika kupanga kurudi kwao, au kukaa kwao mahali pengine. Watashirikije kama hata kwenye mkutano wa avenyu hawaitwi?

Basi, mashefu wetu, wazee wetu, tunawaomba mfanye mambo haya. Si mageni, na hayahitaji franga nyingi.

La kwanza: daftari liwe na sehemu mbili. Sehemu moja ni ya malopango. Sehemu ya pili ni ya wakaaji wote: mwenye nyumba, mpangaji, aliyekimbia, mjane, yatima anayekaa na bibi yake. Sehemu hizo zisichanganywe, ili mtu asiogope kwamba jina la mgeni litageuka kuwa jina la mwenye lopango.

La pili: orodha isomwe hadharani. Msaada ukija, iwe unga au mahema au sabuni, shefu asiandike majina peke yake nyumbani usiku. Aandike, kisha aite watu, asome kwa sauti. Jumamosi baada ya salongo ni wakati mzuri, kwa kuwa watu wamekwisha kukusanyika. Asiyesikia jina lake aseme hapo hapo. Atakayesikia jina la mtu asiyekuwako, au la mtu aliyeandikwa mara mbili, naye aseme hapo hapo. Orodha iliyosomwa mbele ya watu mia ni vigumu kuiba. Orodha iliyofungwa mfukoni, hata kama ni ya haki, watu watasema imeibwa.

La tatu: waliokimbia wachague mtu wao, na mama mmoja pamoja naye, wakae kando ya shefu wa avenyu. Hawatachukua kiti chake. Watakuwa macho na masikio yake kwa watu asiowajua bado. Kwa nini mama? Kwa sababu ni yeye anayejua nani hakula jana, na binti gani anaogopa kwenda kuchota maji jioni. Mambo hayo baba hawaambiwi.

La nne: palipo na watu wa pande mbili, ushahidi uwe wa pande mbili. Kama shefu ni Mmbole, Mlengola mmoja aweke sahihi chini ya sahihi yake. Kama shefu ni Mlengola, Mmbole afanye hivyo. Si kwa sababu shefu ni mwongo. Ni kwa sababu siku ya maneno magumu, sahihi mbili zitamlinda hata yeye.

La tano: lopango lililoachwa liandikwe. Shefu wa mahali watu walipokimbia aandike nani aliondoka, lini, mipaka yake iko wapi, majirani wa kulia na wa kushoto ni nani. Mtu akija na kusema anataka kununua lopango lile «kwa kuwa wenyewe hawatarudi», jibu la shefu ni moja: mwenyewe hayupo, hakuna cha kuuza. Anayetaka kukaa pale kwa muda, aandike kwamba anakaa kwa muda, na majirani washuhudie. Ndugu, nyumba iliyochomwa hujengwa tena kwa matofali. Lopango lililouzwa wakati mwenyewe yuko mbio, huo ndio ugomvi unaorithiwa na wajukuu.

La sita: gharama itangazwe. Tumesema shefu wa avenyu kwa kawaida hana mshahara, na kila mtu ana tumbo. Kama avenyu inakubali kumsaidia kununua daftari na kalamu, au kulipa mtumbwi anapovuka kwenda ofisini, wakubaliane mkutanoni, na kila mtu ajue ni franga ngapi. Kinachoharibu si franga mia tano zilizotangazwa. Kinachoharibu ni franga za gizani, ambapo mwenye nazo anapata karatasi na asiye nazo anarudishwa kesho, na kesho, na kesho.

Na ninyi mliokimbia, tuna neno kwenu pia. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msingoje kupewa jembe, liombeni. Ukifika katika avenyu, katika siku zile za kwanza nenda kwa shefu, umwamkie, umwambie jina lako, umetoka wapi, umefikia kwa nani. Siku ya salongo toka na wenzako, shika ufagio. Usichukue jina la mtoto wa jirani kuongeza hesabu ya jamaa yako. Unga wa ziada utakwisha kwa wiki moja, lakini aibu itakaa nawe. Na karatasi zako za nyumba uliyoiacha, kama unazo, zifunge vizuri, mvua isizilowanishe. Kama huna, kaa chini leo na mtu anayejua kuandika. Andikeni mnayokumbuka: avenyu, majirani, mipaka, mwaka mlioingia, watu wanaoweza kushuhudia. Andikeni tarehe. Kumbukumbu ya leo ni nzima kuliko ya miaka ishirini ijayo.

Tena neno moja kwa mashefu juu ya usiku. Uvumi hupenda usiku. Mtu anakuja mbio: «Wanavuka mto, wanakuja!» Shefu mwenye hekima haiti vijana kwanza. Anauliza: nani ameona kwa macho yake? Ameona wapi? Anamtuma mtu kwa shefu wa avenyu ya jirani, hata wa upande wa pili, hasa wa upande wa pili. Kwa hiyo mashefu wa pande mbili wajuane mapema, wawe na namba za simu za kila mmoja, wawe wamekwisha kula pamoja wakati wa utulivu. Ujirani haujengwi usiku wa hofu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ndugu wasikilizaji, amani ya mikutano mikubwa, yenye viti na vipaza sauti, ni ya lazima, na tunawaombea wanaoitafuta. Lakini mkutano huo unakwisha, magari yanaondoka. Anayebaki ni shefu wa avenyu na daftari lake. Kama ndani ya daftari lile kila mtu ana jina, amani ile itapata mahali pa kukaa. Kama nusu ya watu hawamo, itazunguka nje, kama mgeni asiyefunguliwa mlango.

Baada ya kusikiliza, kaeni kidogo, mzungumze katika vikundi vyenu. Maswali ni haya:

1. Katika avenyu yetu, nani hajaandikwa bado? Tunajua majina yao?

2. Orodha ya mwisho ya msaada ilisomwa hadharani? Kama haikusomwa, tufanye nini ili ijayo isomwe?

3. Kuna lopango gani kwetu ambalo mwenyewe amekimbia? Nani anashuhudia mipaka yake?

4. Mashefu wetu wanawajua mashefu wa upande wa pili? Walikutana lini mara ya mwisho?

 Muwe na amani nyumbani, mahali popote mnapopaita nyumbani usiku huu.